Dereva, mwenye gari hatazikwa na wewe!

KILA inapotokea ajali kubwa ya basi au lori nchini mwetu, wimbo ni ule ule. Kamanda wa polisi wa mkoa anasimama mbele ya waandishi wa habari, anataja idadi ya waliokufa na waliojeruhiwa, kisha anamalizia kwa kusema chanzo ni uzembe wa dereva na mwendo kasi. Siku ya pili wakubwa wanatuma rambirambi. Siku ya tatu watu wanazika. Siku ya nne basi jingine la kampuni ile ile linapiga honi stendi, linaita abiria, na yamekwisha.

Na dereva je? Kama hakufa, anatafutwa. Kama amekufa, hana mdomo wa kujitetea. Hakuna anayeuliza: Jana yake alilala wapi, na alilala muda gani? Lile tairi lilikaguliwa na nani? Nani alikuwa akimpigia simu njia nzima kumwuliza mbona hajafika? Maswali hayo hayaulizwi kwa sababu majibu yake hayaishii kwa dereva. Yanapanda ngazi hadi ofisini kwa tajiri, na wakati mwingine yanavuka hapo na kwenda kubisha hodi kwa wakubwa.

Sisemi kwamba madereva wetu ni malaika. La hasha! Wapo walevi, wapo wanaoshindana barabarani kama watoto, na wapo wanaoovateki kwenye kona kwa sababu abiria wanawashangilia. Hao sheria iwashughulikie bila huruma. Lakini ninachotaka kusema leo ni hiki: dereva salama si yule anayejua kukata kona tu. Dereva salama ni yule anayeweza kusema neno moja mbele ya tajiri, mbele ya konda na mbele ya abiria wenye haraka zao. Neno hilo ni SITOKI.

Sitoki nikiwa na usingizi. Sitoki na tairi kipara. Sitoki kwenda kukimbiza gari kwa sababu tajiri anataka lirudi leo leo. Nchi ambayo dereva akisema neno hilo anafukuzwa kazi, isishangae inapozika watu kila mwezi.

Usingizi hauhongwi

Ndugu dereva, trafiki unaweza kumwachia kitu kidogo ukaendelea na safari. Usingizi hauhongwi. Ukija, umekuja.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo, akili na mikono yake hufanya kazi kama za mtu mwenye miligramu 50 za pombe katika kila mililita 100 za damu. Akifikisha saa 24 bila kulala, ni kama ana miligramu 100. Sheria yetu inamhesabu dereva kuwa amelewa akizidi miligramu 80. Maana yake ni kwamba dereva anayekesha usiku kucha barabarani baada ya kushinda macho mchana kutwa amevuka kiwango cha ulevi, na hajaonja hata tone! Trafiki akimpulizisha kile kifaa, kitasema hana kosa.

Sasa fanya hesabu ndogo. Gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Ukisinzia kwa sekunde nne tu, umekwenda karibu mita 90 ukiwa umekufa macho. Huo ni karibu urefu wa kiwanja cha mpira, na nyuma yako kuna watu hamsini na ushei.

Mwili una saa zake. Usingizi mzito huja kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili alfajiri, na mwingine mwepesi huja mchana, kati ya saa nane na saa kumi. Mirungi, sigara, kufungua dirisha, kufungulia muziki, vyote hivyo vinauficha usingizi, haviuondoi. Kahawa inasaidia kwa muda, kisha inakuacha peke yako. Dawa ya usingizi ni kulala. Ukiona unapiga miayo mfululizo, ukiona umesahau kijiji ulichokipita sasa hivi, ukisikia magurudumu yameanza kugusa changarawe pembeni ya lami, hiyo ndiyo barua ya mwisho. Ingia stendi, ingia kituo cha mafuta, lala dakika 15 au 20. Abiria watapiga kelele. Waache wapige, maana anayepiga kelele yuko hai.

Hili limekuwa kubwa zaidi tangu mwaka 2023. Kwa miaka mingi, kuanzia miaka ya 1990, mabasi ya mikoani yalikatazwa kusafiri usiku kwa sababu ya ajali. Mwaka 2023 marufuku hiyo iliondolewa, na mabasi sasa yanatembea saa 24. Wafanyabiashara wameshangilia, na wana haki yao. Lakini dereva aliyekabidhiwa usukani saa nne za usiku, mchana wake alilala wapi? Mabasi ya safari ndefu yanatakiwa kuwa na dereva wa pili. Huyo wa pili naye anapumzika wapi? Mara nyingi ni kwenye kiti, shingo imepinda, taa zinawaka na sinema inapigwa. Huko si kupumzika, ni kuchoka mkiwa wawili.

Mwaka jana nilisafiri usiku na basi la kampuni ambayo siitaji. Nilikaa kiti cha mbele. Kuanzia saa tisa usiku konda aliacha kazi yake ikawa kumsemesha dereva, mara amwulize habari za mpira, mara amwamshe kwa kumpiga bega. Nilipomwuliza konda, alinijibu kwa kunong'ona kwamba mzee ameingia na gari asubuhi, akageuza jioni. Dereva wa pili hakuwepo. Tulifika salama, na hakuna aliyeandika popote kwamba roho zetu zilikuwa mkononi mwa konda.

Mwendo wa kuazima

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iko wazi. Penye makazi ya watu mwisho ni kilometa 50 kwa saa. Nje ya hapo, mabasi na magari mazito mwisho ni 80. Wengi wanadhani tarakimu hizo zimewekwa ili trafiki wapate ulaji. Si kweli.

Ukiongeza mwendo mara mbili, umbali ambao breki zinahitaji ili kusimamisha gari hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne. Shirika la Afya Duniani linasema kila mwendo wa wastani unapoongezeka kwa asilimia 1, uwezekano wa ajali ya kuua unaongezeka kwa kama asilimia 4. Na unapata nini? Chukua kipande cha kilometa 300. Kwa mwendo wa 80 bila kusimama utatumia saa 3 na dakika 45. Kwa 100 utatumia saa 3 kamili. Umeokoa dakika 45, ambazo utazimaliza zote kwenye foleni ya mizani. Hivi kweli dakika hizo zina thamani ya roho yako?

Barabarani tuna ishara yetu ya taa. Dereva akimpita trafiki mwenye tochi, anawawashia wenzake wanaokuja ili wapunguze mwendo. Ni udugu mzuri. Lakini mbona hatuwashiani taa kwamba mbele kuna watoto wa shule wanavuka, au kuna lori limeharibika kwenye kona? Tunamwogopa trafiki kuliko tunavyoogopa kaburi.

Tairi kipara na breki za kubahatisha

Juni 28, 2025, huko Same mkoani Kilimanjaro, basi liligongana na basi dogo na yote mawili yakawaka moto. Karibu watu 40 walikufa, wengi wao wakiungua kiasi cha kutotambulika. Taarifa ya serikali ilisema tairi la basi lilipata pancha na dereva akashindwa kulimudu gari. Mwezi ule ule, mkoani Mbeya, lori lilifeli breki kwenye mteremko na kuua watu zaidi ya 20.

Tumezoea kusema ajali haina kinga. Wahenga walisema hivyo wakati hakuna tairi. Tairi lina kinga! Tairi linalopasuka mara nyingi limeanza kuomba msaada mapema: upepo mdogo, mzigo mkubwa, nyuzi zinachungulia, ubavu umevimba. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja na kujinyoosha mno kila linapozunguka, linapata joto, na joto hilo ndilo linalolipasua katikati ya safari. Kwa hiyo pima upepo asubuhi tairi likiwa limepoa. Usilipime kwa kulipiga teke, tafuta kipimo. Pitisha mkono ubavuni. Yale ya mbele ndiyo yanayoshika usukani. Usikubali kabisa yawe mabovu.

Breki nazo zina habari yake. Dereva mgeni kwenye mteremko wa Kitonga hushuka akikanyaga breki njia nzima. Breki zikichemka hukosa mshiko, na hapo hata ukikanyaga kwa miguu miwili gari haliitiki. Mkongwe wa njia hiyo anaingia gia ndogo akiwa bado juu kabisa, kabla mteremko haujaanza, anaiachia injini imshikie gari, breki anazigusa kwa kupima. Wapo wanaoshuka wameweka nyutro ili kubana mafuta. Mafuta unayoyabana ni lita chache za tajiri. Unachokiweka rehani ni roho yako na za wote walio chini ya mlima.

Kuna na mambo ambayo hayahitaji pesa ya mtu. Funga mkanda; kwa mtu wa kiti cha mbele unapunguza uwezekano wa kufa kwa karibu nusu. Simu mpe konda au utingo ajibu yeye, kwa sababu dereva anayetumia simu ana uwezekano wa kupata ajali mara nne zaidi ya asiyeitumia, na tajiri anayetaka kujua umefika wapi anaweza kuambiwa na mtu mwingine. Gari likiharibika usiku, usiliache katikati ya lami bila taa ukategemea matawi ya miti. Weka pembetatu zako mbali, ili anayekuja kwa kasi apate nafasi ya kusimama. Na ukiondoka, ondoa matawi na mawe uliyoyapanga, usimwachie mwenzako mtego.

Mkataba nao ni breki

Hapa ndipo wakubwa hawapendi tufike. Maneno yote niliyoyasema hapo juu dereva anayajua. Nenda stendi yoyote ukawaulize, watakufundisha wao. Kwa nini basi wanatoka na gari bovu na macho mekundu? Kwa sababu akikataa huyu, yuko mwingine amekaa kwenye benchi anasubiri.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mfanyakazi apewe maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki. Hata ukiongeza saa za ziada, siku moja haitakiwi kuvuka saa 12. Inasema baada ya saa 5 za kazi mfululizo mtu apumzike saa nzima, na kati ya siku moja ya kazi na nyingine apate saa 12 za mapumziko. Shirika la Kazi Duniani nalo, katika Mkataba wake Namba 153 wa mwaka 1979, liliweka kwamba dereva asiendeshe zaidi ya saa 4 mfululizo bila kupumzika, na kwa siku asizidi saa 9 za usukani.

Dar es Salaam hadi Mbeya ni takriban kilometa 830. Kwa mwendo wa 80 usiosimama kabisa, hizo ni zaidi ya saa 10. Weka vijiji vya 50, weka mizani, weka chakula, weka foleni ya kutokea mjini. Dereva mmoja atazimalizaje bila kuvunja sheria ya kazi? Haiwezekani. Anayemtuma peke yake anajua haiwezekani. Huyo hajawahi kuitwa mzembe na kamanda yeyote.

Dereva wa lori analipwa kwa tripu, kwa hiyo kila saa anayolala anaiona kama pesa inayomtoka. Dereva wa daladala ana hesabu ya jioni, na hesabu haijali kama mvua ilinyesha au abiria hawakuwepo. Deiwaka ndiyo kabisa, hata jina lake tajiri halijui. Watu hawa unawaambia waendeshe kwa utulivu, wakati riziki yao imefungwa kwenye kukimbia! Mshahara wa mwezi unaojulikana, ulioandikwa kwenye karatasi, ni breki kubwa kuliko breki ya upepo.

Madereva walishalisema hili. Machi 11, 2015, Changarawe karibu na Mafinga, basi liligongana na lori, kontena likaangukia basi, na watu zaidi ya 40 wakafa. Mwezi uliofuata, Aprili 10, madereva waligoma nchi nzima. Walipinga sharti la kurudi darasani kila wanapohuisha leseni, na walidai mikataba ya ajira. Pale Ubungo, ilipokuwa stendi kuu ya mabasi wakati ule, walijibiwa kwa mabomu ya machozi. Mwezi Mei wakagoma tena, na hoja ya mikataba ikiwa juu mezani. Ahadi zilitolewa. Leo mwulize dereva wa basi unalopanda akuonyeshe mkataba wake, uone atakavyocheka.

Wenye mamlaka nao wakaguliwe

Kila mwaka tuna Wiki ya Nenda kwa Usalama. Stika zinauzwa, zinabandikwa kwenye vioo, hotuba zinasomwa. Stika haishiki lami. Tunachokitaka wananchi ni vitu vitatu, na vyote vinawezekana.

Kwanza, LATRA inavyo vifaa vya kufuatilia mwenendo wa mabasi, na dereva anatakiwa kujitambulisha humo anaposhika usukani. Kifaa kinachoweza kusema dereva alikimbia mwendo gani kinaweza pia kusema ameendesha kwa saa ngapi. Basi saa hizo zitumike. Dereva akizidisha, faini iende kwa mwenye gari aliyempangia safari, isiishie kwa dereva.

Pili, uchunguzi wa kila ajali kubwa uanze na maswali niliyoyataja mwanzo: usingizi, tairi, breki, mkataba, simu ya tajiri. Majibu yatangazwe hadharani kama vile idadi ya maiti inavyotangazwa. Mwenye gari aliyetoa gari bovu apande kizimbani pamoja na dereva wake, au peke yake kama dereva amekufa.

Tatu, dereva anayekataa kutoka na gari bovu alindwe. Maofisa wa kazi waonekane stendi na kwenye maegesho ya malori, siyo ofisini tu. Dereva aliyefukuzwa kwa kusema SITOKI arudishwe kazini, na wenzake wasikie kwamba amerudishwa.

Sisi abiria nasi tusijitoe. Nani anayepaza sauti nyuma kwamba dereva anatambaa kama konokono? Nani anayeshangilia basi letu linapolipita la kampuni nyingine? Ni sisi. Siku dereva atakapoingiza gari pembeni na kusema nimechoka, tumpe maji ya kunywa na tumwache alale. Ukiona anasinzia, mwambie konda, piga namba ya simu iliyobandikwa ndani ya basi, shukeni kama hapana budi. Nauli inatafutwa tena.

Nawe ndugu dereva, usingoje wakubwa wazinduke. Kesho alfajiri, kabla hujawasha injini, zunguka gari lako. Gusa tairi, kanyaga breki, angalia taa, hesabu saa ulizolala. Hesabu ikikataa, kataa na wewe. Dai mkataba mkiwa wengi, kwa sababu mmoja anafukuzwa lakini stendi nzima haifukuziki.

Gari lina bima. Likiteketea, mwenye gari atalipwa na atanunua jingine, pengine jipya kuliko lile. Wewe mama yako atanunua wapi mwingine?